Saa Kumi na Mbili

Walianza saa kumi na mbili, wakamaliza saa kumi na mbili,
na katikati zilikuwa saa kumi na mbili.
Asiyeelewa hajawahi kusubiri gari Newala.

Kazi yangu ni pasipoti saizi.
Kitambaa cha bluu, stuli, taa mbili, moja mbovu.
Kutwa nasema: usicheke, usitikisike, kidevu juu.
Lakini Julai ile, magari yalipokuja kushindana kudumu,
si kuwahi, kudumu,
nilimwachia ufunguo Namkulala wa duka la mbolea
nikaenda kusimama kwenye kona ya Mnyambe
na korosho ishirini za kukaanga mfuko wa kushoto.
Kila namba thelathini na moja ikipita
korosho moja inahamia kulia.
Hilo ndilo daftari langu.

Ukungu ulikuwa haujainuka.
Yalisikika kabla ya kuonekana,
yakaonekana kabla sijawa tayari.
Picha ya kwanza: mkorosho.
Picha ya pili: mkorosho, na nusu tairi.

Jua lilipopanda vumbi likawa la aina mbili,
jekundu la barabara, la njano la salfa,
maana wenye mashamba hawakuzima pampu zao,
nao wana haki, ua la mkorosho halingoji mshindi.
Nilipiga chafya kidole kikiwa kwenye kamera.
Ile nimeihifadhi.

Mzunguko wa tano nikajifunza, bila mwalimu:
usilisubiri gari, lifuate.
Punguza kasi ya kamera mpaka ikaribie uzembe,
miguu uipande ardhini, kiuno kigeuke
kama mlango wenye bawaba iliyotiwa mafuta,
bonyeza ukiwa bado unageuka
na usisimame hata baada ya kubonyeza.
Mihogo, watoto, bango la benki, vyote mistari,
ila thelathini na moja imetulia katikati
na mdomo wa Hokororo uko wazi,
anaimba au anatukana.

Karola ile ilikuwa ya mwisho tangu saa tatu.
Yenye pesa yalipita kwa mlio wa shuka jipya linalochanwa;
yake ililia kama sufuria ndani ya gunia.
Mzunguko wa saba ilikuja bila boneti.
Wa tisa usukani alishika dada yake, Esnati,
akanipigia honi. Mimi.
Nikasahau kubonyeza.
Wa kumi haikuja.

Nilipiga picha barabara.
Nikaipiga tena.
Chipojola wa bodaboda akauliza, unapiga nini?
Nikamwambia, napiga inavyochelewa.
Ndoo ya maji ilikuwa elfu moja, lenzi nikaiosha kwa mate.
Saa tisa na nusu nikala korosho, njaa tu,
sikuangalia nimeitoa mfuko gani.

Kisha: sufuria. Gunia.

Jumanne akaja dukani, Hokororo mwenyewe.
Picha nne za leseni.
Akaketi kwenye stuli, nikawasha ile taa nzima.
Usicheke, nikasema. Usitikisike.
Uso ulitii.
Mguu wa kushoto ulikuwa unatafuta klachi chini ya stuli,
unakanyaga, unaachia.

"Ulituhesabia?"
"Kumi na mbili."
"Karatasi yao inasema kumi na tatu."
Nikatia mkono mfuko wa kulia. Kumi na mbili, zimeshalainika.
"Karatasi yao haikosei," nikasema,
na sikuweza kuungama zaidi ya hapo.

Masikioni bado alikuwa na jekundu na njano.
Nilipaswa kumpa kitambaa ajifute.
Badala yake nikavuta pumzi, nikabonyeza,
na kiuno, bila ruhusa yangu, kikageuka.

Ofisini waliikataa picha.
Walisema mtu huyu amepita.